Kaburi Namba Kumi na Saba

Makaburi matatu ya kwanza mzee aliyataja bila kusita, kama mtu anayewasalimu majirani zake.

"Hakimu. Yule pale, muuza vitambaa. Na huyu ni mjane wake. Alimfuata baada ya juma moja tu."

Ofisa wa ustawi wa jamii alisoma namba kwenye kila kibao, akailinganisha na daftari la makaburi, akatia alama ya vyema. Maandishi ya mawe yalikwisha kulambwa na mvua ya karne mbili. Kilichosomeka ni vibao vya bati tu, kimoja kwa kila kaburi, ambavyo mzee alivipaka namba kwa brashi yake katika miaka thelathini na minane ya kuyalinda makaburi hayo.

Makubaliano yalikuwa wazi. Akiwataja marehemu kumi kwa usahihi, angeendelea kuishi peke yake katika nyumba yake iliyo jirani na lango. Akishindwa, kitanda kilimngoja katika makao ya wazee. Matembezi hayo yalikuwa wazo la bintiye. "Mpimeni kwa anachokijua," aliwasihi. "Hapo baba hana mpinzani."

Binti alimshika mkono kwenye njia ya changarawe. Mzee akaiona plasta kidoleni mwake.

"Umefanyaje, mama?"

"Kisu, baba. Nilikuwa namenya vitunguu."

"Haraka zako za tangu utotoni. Nilikuambia, kila kitu—"

"—na mahali pake," binti akamalizia, na wote wawili wakacheka.

Walipofika safu ya mashariki, mzee alivua kofia.

"Huyu ni mpiga tarumbeta. Walimzika nayo. Kila nilipofagia hapa nilimtania: leo kimya, bwana?"

Ofisa hakucheka. "Hii ni kumi na saba. Daftari linasema mkunga, mzee wangu."

"Mkunga yuko kule, chini ya ukuta."

"Tazama mwenyewe, tafadhali."

Mzee aliinama, magoti yakalia. Jua la asubuhi liling'aa kwenye skurubu za kibao. Ile saba yenye mkia mrefu aliifahamu. Hakuna mwingine aliyeiandika vile. Aliipapasa kwa kidole. Akautazama ukuta, kisha akakirudia kibao.

"Huu ni mwandiko wangu," alisema polepole.

"Utakuwa umechanganya, baba," bintiye alinong'ona. "Si kosa lako. Ni umri."

Kaburi la tano alilitaja kwa sauti ndogo; daftari likamkana. La sita vilevile. Mbele ya kaburi la saba alisimama akiikodolea macho namba aliyoiandika mwenyewe, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni naye hakusoma.

"Inatosha," alisema hatimaye. "Mwandiko haudanganyi. Kilichochakaa ni kichwa. Leteni hiyo karatasi."

Alitia sahihi juu ya jiwe la mpiga tarumbeta. Kisha akauweka ufunguo wa nyumba kiganjani mwa bintiye, akamfumba vidole kimoja baada ya kingine, akikihurumia chenye plasta.

"Asante kwa kuja nami, mama. Mwingine angeniacha niaibike peke yangu."

Binti alifuta machozi. Akampeleka hadi kwenye gari la ofisa, akamfunga mkanda, akamwekea kofia magotini.

"Nipeni dakika chache," alimwomba ofisa. "Nataka niwaage wafu wake kwa niaba yake."

Alirudi peke yake hadi safu ya mashariki, akapiga magoti mbele ya mpiga tarumbeta, akainamisha kichwa. Kisha akatoa bisibisi mkobani, akaifungua namba kumi na saba, akaipeleka kule chini ya ukuta, kwa mkunga. Kila kitu na mahali pake.