Gari la Mikate

"Raba hizi hazikai," fundi alisema kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Mama Mikate akamkata jicho. Injini ilining'inia kwenye mnyororo juu ya gari lililofunguliwa boneti, haishuki wala haipandi, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Kama hazikai basi siyo zenyewe. Nipe nizirudishe."

Fundi alijifuta mikono kwa tambara. "Mama, tukate kidogo hapa pembeni, tuchomelee kipande cha chuma. Nani atachungulia?"

"Hakuna kukata, hakuna kuchomelea. Nataka raba za injini hii kwenye gari hili. Nimeongea Kichina?"

Alitoka akitembea kama mtu anayekwenda kugombana, na kusema kweli alikuwa anakwenda kugombana. Siku tisa alikuwa akiwazungukia wauza vipuri. Gari lenyewe kongwe, la aina ambayo hata waliolitengeneza wamelisahau. Rejeta aliipata juzi, nyembamba kama ile ya mwanzo. Kabureta aliikuta kwa mtu aliyekuwa akiizuilia mlango usijifunge. Mipira ya maji, feni, sahani ya klachi, vyote alivisaka kimoja kimoja, akivipima kwa kamba aliyoifunga mafundo. Zilibaki raba mbili tu za kubebea injini.

Na yote hayo kwa ajili ya mwanamume yule. Hapo ndipo damu ilipomchemka.

Mumewe aliondoka miaka kumi na miwili iliyopita, bila hata kuaga. Mwezi uliopita akaibuka, kanenepa, kachonga ndevu, akaliona gari likipita mtaani limejaa kreti za mikate, linanguruma kama la jana. Hakuuliza habari za mtoto. Aliuliza habari za gari. Kadi ina jina langu, akasema, na akaitisha kikao cha ukoo, akakaa katikati ya kaka zake, macho makavu, hana haya hata chembe.

"Mimi sina tamaa," aliwaambia. "Amelitumia miaka yote hiyo, sidai kitu. Nataka gari langu kama nilivyoliacha, basi."

Wakubwa wakatikisa vichwa, wakaona huyu kweli muungwana. Baba mkwe akamgeukia Mama Mikate. "Mwanangu, umesikia. Mrudishie gari lake kama alivyoliacha."

Gari hilo ndilo lililopeleka mikate yake madukani kila alfajiri. Ndilo lililomlea binti yake. Bila gari hakuna mikate, na bila mikate angekula nini yeye na mtoto? Lakini hakubisha. Aliuliza tu kama maneno hayo yanaweza kuandikwa. Yakaandikwa, pamoja na Jumamosi ya kulikabidhi gari, na mume akatia sahihi huku akitabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomzungusha Mama Mikate madukani siku tisa. Kila akilikumbuka, anaongeza mwendo.

"Chukua hizi mpya," alisema muuza vipuri wa mwisho. "Zinaingia magari mengi. Ukizichonga kidogo tu..."

"Sitaki za magari mengi. Fungua lile boksi la chini."

"Mle mna takataka, mama."

"Nifungulie hizo takataka."

Alizikuta chini kabisa, chini ya rundo la vitasa. Zilikuwa zimekauka, moja ina ufa. Alizigeuza, akazipima kwa kamba yake, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kile akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kibaya, na muuza vipuri akasogea nyuma hatua moja.

"Hiyo imepasuka, mama."

"Nimeiona. Nifungie."

Safari hii zilikaa. Bolti ziliingia bila kulazimishwa, na ile injini, iliyotolewa chini ya turubai nyuma ya gereji, ikatulia mahali pake. Fundi alifunga mipira ya maji, akaunga nyaya, akafunika boneti.

"Ungependa tuijaribu?" aliuliza.

"Usiiguse."

Fundi aliiacha. Akachukua spana zake akaenda uani, kwenye gari jeupe la mizigo alilolileta Mama Mikate, lililokuwa likimsubiri na boneti wazi.

Jumamosi saa nne mume alifika na baba yake na kaka zake wawili. Gari lilikuwa limeoshwa, linang'aa. Mama Mikate alimpa ufunguo bila kumtazama usoni. Mume aliingia, akaweka kioo sawa, akawakonyeza kaka zake, akawasha.

Chuma kiligonga chuma mara moja ndani ya boneti, kisha kimya. Akajaribu tena. Kimya.

"Ameliharibu," alifoka, akishuka. "Baba, unaona mwenyewe, huyu mwanamke ameliharibu gari langu kwa makusudi."

Mama Mikate alitoa ile karatasi ya kikao, akamkabidhi baba mkwe kwa mikono miwili.

"Soma tu, baba. Halafu mwambie afungue boneti, alinganishe namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi yake. Iliyokuwa ikipeleka mikate niliinunua mimi. Hii ndiyo ile ile iliyonoki ikafa katikati ya barabara, akashuka akaniambia anakwenda kumwita fundi, mara moja anarudi."

Uani, fundi aliliwasha gari jeupe. Lilinguruma mara moja tu, mngurumo ambao mtaa mzima uliujua kila alfajiri, na kaka wote wawili wakageuza shingo.

Mama Mikate alikwenda nyuma ya gari la mumewe, akapiga kofi bati la upande wa kushoto.

"Njoo ushike hapa," alimwambia. "Hapa ndipo niliposhika mimi kulisukuma hadi gereji, na mimba ya miezi minane."