Ndoo ya Rehani

"Asumini, zamu yangu ni ya tatu, yako ya nne! Umeme umerudi tu, ukawahi kuwasha koki yako!"

"Kwa hiyo koki yangu ndiyo iliyounguza yako, Mwantumu?"

"Ndiyo! Mota mbili zikiamka pamoja, umeme unashtuka, iliyochoka inaungua. Hata mtoto anajua!"

Mwantumu aliishika koki yake ya mota, bado inanuka waya ulioungua. Kila asubuhi umeme uliporudi, koki ya kila nyumba iliita majina ya wakazi, ikatoa ndoo moja kwa kila jina. Yake iliita, "Mwantumu. Rehani." Rehani, bintiye, alizikwa miaka miwili iliyopita. Sheria ilitaka jina la marehemu lifutwe kwenye koki. Ghorofa zima lilijua halijafutwa, na kwa mara ya kwanza tangu lijengwe likafunga mdomo. Kwa ndoo ya pili Mwantumu alifua kanga za bintiye, akazianika, kesho yake akazianua na kuzifua tena.

Fundi akaja, akafunga koki mpya, akamwambia aweke kidole ili imsajili. Koki ikaita, "Mwantumu," ikajaza ndoo moja, ikanyamaza. Mwantumu akaendelea kuitazama.

"Kuna mwingine humu?" fundi akauliza.

Mwantumu akatupa jicho kambani, kwenye kanga za Rehani alizozianika jana. "Hapana."

Fundi alipoondoka, Asumini alikuwa bado mlangoni, ubishi umemwisha.

"Niliwahi chai ya wanangu, shoga. Nisamehe." Akaanza kuanua kanga moja moja. "Twende kwangu ukale. Na hizi tunakwenda nazo. Maji yangu ya leo tutazifulia."