Bangili ya Mchoko

Atupele aliingia nyumbani akipiga mluzi, mwepesi kama aliyetoka kuoga. Wauguzi wote wa chumba cha wagonjwa mahututi walikuwa hivyo siku hizi. Ukivaa bangili ya hospitali, mchoko na majonzi ya zamu yako vinamwendea ndugu aliyekubali kuvaa ya pili. Kwake alikubali mumewe, Ambakisye, fundi cherehani.

Alimkuta jikoni anamenya ndizi, machozi yakimdondoka.

"Kulikoni, Baba Lugano?"

"Leo umefiwa na mgonjwa."

"Nani?"

"Jina nitalijulia wapi? Wewe ndiye uliyemfumba macho."

Atupele akajaribu kukumbuka. Shuka aliliona, na mashine ikizimwa, lakini sura haikuja. Akaishika bangili yake.

"Usiivue, Mama Lugano. Kazi itakushinda. Si ulitaka kuacha kazi kabla ya bangili?"

"Ikinishinda, inishinde mimi. Maiti wangu nitamlilia mwenyewe."

Akaivua. Mchoko wa zamu ukamrudia, kiuno kikamkaza, akaketi sakafuni pu! Kisha jina likaja: Bibi Sekela, aliyeulizia chai ya tangawizi kila asubuhi ingawa hakuweza kumeza. Atupele akamlilia kwa sauti, na bangili hakuigusa tena.

Ambakisye akanyoosha mgongo, akafuta uso, akarudia ndizi zake. Punde akaanza kupiga mluzi, mwepesi, hana habari.

Atupele akausikiliza mluzi ule. Kumbe ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akisikika humu ndani mwaka mzima.