Simama Juani

"Mama jamani, simama juani! Picha itatoka nyeusi tii!"

Kila Duangjai akiinua simu, mama yake anachepuka kivulini. Ruhusa ya siku moja kazini ameipata kwa kubembeleza, mama hajawahi kufika Bangkok, na leo hii lazima waone ikulu, sanamu ya Buddha aliyelala, na hekalu hili la ng'ambo ya mto. Lakini mama mzito! Kwa Buddha alipiga magoti mpaka Duangjai akamshika mkono, akamtoa kwa mlango wa nyuma.

"Mwanangu, ngoja kwanza nikachukue..."

"Baadaye, mama! Boti inatuacha!"

Sasa Duangjai alishachoka kabisa. "Rudi pale kwenye mawe, mbele ya mnara. Baba nimwambie ulikuja Bangkok kukaa chini ya mti?"

Mama akarudi. Akatabasamu, mguu mmoja kauinua kama korongo. Duangjai akapiga, kisha akaikuza picha aone kama mnara umeingia wote.

Umeingia. Na chini ya pindo la sarong, unyayo wa mama yake, mwekundu, umejaa malengelenge.

Watu wa mjini huingia kwa Buddha na viatu vyao mkononi, ndani ya mfuko. Mama alikuwa amevivua vyake kama wafanyavyo kwao kijijini, akavipanga vizuri mlangoni. Mlango ule wa mbele.

"Imetoka?" mama akauliza, huku akibadilisha mguu. "Kama bado, nasimama tena."