Mama wa Kileleni

Siku hizi intaneti ni bure nchi nzima, kwa kuwa haihitaji minara tena. Kila mtu amevaa bangili, na bangili hizo hupokezana mawimbi kwa nguvu ya joto la mwili. Nakijwa, mjane anayeishi peke yake kileleni huko Upareni, ndiye ambaye bangili yake hukiunganisha kijiji chote cha bondeni na nchi nzima.

Asubuhi moja simu ilimwonyesha mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa Dodoma. Alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu, kisha akafunga mzigo aende kumbeba.

Mlangoni alikutana na Mbonea wa kijijini bondeni na wenzake, wamebeba ndizi na maziwa.

"Mama, hongera," alisema Mbonea. "Juzi daktari alimtibu mwanangu kwa simu. Bila wewe ningemzika. Ukishuka, mtandao wetu sote utazimika."

Nakijwa akautua mzigo. Aliwapenda watu hawa. Ndio waliomwezekea nyumba.

"Asanteni, wanangu."

Mbonea akamtazama mtoto kwenye simu, akatabasamu. "Mzuri kweli! Akikua tutamjengea hapahapa, akupokee zamu."

Nakijwa akashukuru tena, kisha polepole akaifunika simu kwa khanga.