Picha Mbili za Ulaya

Keinan alisimama mbele ya meza ya ofisa, debe tupu mkononi. Mkewe alifariki kambini alfajiri, hajaoshwa bado, na askari walikataza mtu yeyote kuvuka ua wa miiba kwenda mtoni.

"Bwana mkubwa, niruhusu nikachote maji ya maiti."

"Ngoja kidogo, mzee. Nampeleka mama watoto likizo Ulaya." Ofisa akamsogezea picha mbili, bonde la majani mabichi na vilima vyenye ziwa. "Nyinyi wafugaji ndio wajuzi wa malisho. Nichague wapi?"

Keinan akaweka kidole juu ya ziwa, kidole kikavu kilichopasuka, asikiondoe.

"Mpeleke hapa. Akikufia, wallahi, hutamwomba mtu maji ya kumwosha."