Kitovu cha Zakia

"Kitovu changu kilizikwa hapa, afande," Zakia alimwambia ofisa wa uhamiaji, akionyesha nyuma ya jiko lake. "Aliyekizika ni huyu jirani, Bi Mtumwa. Ndiye mkunga aliyenipokea."

Bi Mtumwa alikitazama kiwanja cha Zakia, kilichopakana na chake, si Zakia mwenyewe. "Nimezalisha wengi, mwanangu. Huyu simkumbuki."

Ofisa akamtupia Zakia jembe. "Chimba basi, tukione."

Zakia alijua udongo ulishakila zamani. Akachimba hivyo hivyo, maana kila alipopumzika ofisa alizigusa pingu. Jua lilimchoma utosi, shimo likamfika magotini.

"Msilifukie," alisema Bi Mtumwa. Akaenda kwake, akarudi na mche wa mgomba, akaketi ukingoni kusubiri Zakia achukuliwe.